Sisimizi Aliyegeuka: Maisha ya Dada Yetu, Mama Miguu

Wazazi wetu, ndugu, majirani, na nyote mliofanya kazi na marehemu. Nimepewa kusoma wasifu huu mimi mdogo wake, kinyozi, kwa sababu familia inadai nina sauti inayofika nyuma na mdomo usiochoka. Nashukuru kwa sifa hizo. Tunajua wengi mmekuja kwa mapenzi. Tunajua pia, wala hatuwalaumu, kwamba wapo vijana pale karibu na ukuta waliokuja na mapenzi na swali juu yake. Swali ni lile ambalo limejadiliwa mitandaoni miaka nenda miaka rudi: katika ile filamu ya wadudu iliyotengenezwa kwa kompyuta, pale msafara wa sisimizi unapovuka bua lililoanguka na mvua inaanza, kwa nini sisimizi mmoja anageuza kichwa na kutazama nyuma, ilhali nyuma hakuna chochote cha kutazama? Marehemu alilijua jibu, na maisha yake yote hakulitoa nje ya nyumba. Leo tumeruhusiwa kulitoa. Lakini mambo kwa mpangilio, kwanza mtu azaliwe.

Marehemu alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Machi 1966, akiwa mtoto wa kwanza wa tarishi wa posta na mshonaji wa nguo. Mimi nilifuata baada ya miaka minne, na baada yangu wazazi waliona inatosha. Tulikulia katika chumba cha chini cha jengo la ghorofa, kile ambacho dirisha lake liko juu karibu na dari, usawa wa njia ya waenda kwa miguu. Mwanga wetu wote uliingia hapo, na pamoja na mwanga iliingia miguu ya watu. Hatukuona uso wa mpita njia hata mmoja. Mama alishona chini ya dirisha hilo, na dada alisimama juu ya kigoda akitazama. Kabla hajajua kusoma alikwishamjua kila mtu wa mtaa kwa mwendo wake: muuza maziwa aliyeburuta kisigino, mpiga chapa aliyetembea upesi kana kwamba ameacha jiko likiwaka, mabinti wawili wa duka la vitambaa waliokwenda mguu sawa bila kukusudia.

Kipaji hicho kiliniokoa mara nyingi. Alikuwa akisema kwa sauti ya chini, "Mwalimu wako huyo anakuja, na leo amekasirika," nami nilikuwa chini ya kitanda kabla mlango haujagongwa. Nilimuuliza anajuaje kwamba mwalimu amekasirika wakati anaona viatu tu. Akanijibu, "Akifurahi hukanyaga kwa vidole. Leo anakanyaga kwa unyayo mzima." Na kweli, siku hiyo mwalimu alikuwa amefura. Mama aliniambia nitoke chini ya kitanda, na yaliyofuata si ya kusomwa msibani.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, na sekondari hadi mwaka 1983. Hakuwa wa kwanza darasani, wala wa mwisho. Kilichobaki katika kumbukumbu za shule ni mtihani wa sayansi ambapo wanafunzi waliambiwa wamchore panzi. Wenzake wote walimchora panzi aliyesimama wima kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Dada alimchora panzi anayetembea, akionekana kwa ubavu, na miguu mitano. Mwalimu akamwita mbele.

"Panzi ana miguu mingapi?"

"Sita, mwalimu."

"Wa sita uko wapi?"

"Umejificha nyuma ya huu. Ungoje hatua moja, utaonekana."

Mwalimu alikuwa mtu wa haki. Alimpa alama tano kati ya sita, akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Nimengoja." Dada aliupenda utani huo hata akaukata ule ukurasa na kuubandika ndani ya mlango wa kabati lake, na umebandikwa huko hadi leo.

Baada ya sekondari alisoma chuo cha sanaa, akahitimu mwaka 1986, kisha akafanya kazi katika kampuni ya matangazo. Huko alichora mabango, na baadaye alichora katuni fupi za televisheni: mswaki unaocheza, tairi linalocheka. Alisema tairi lilimfundisha uvumilivu, maana kitu kisicho na miguu hakikupi pa kuanzia. Jumatatu ya tarehe 3 Juni 1996 aliajiriwa na studio iliyokuwa inaanza filamu ya sisimizi, na huko ndiko alikopewa jina la Mama Miguu. Kazi yake ilikuwa kuwapa wadudu mwendo. Wengine walijenga maumbo, wengine walipaka rangi, wengine walishughulikia nyuso. Dada alipokea sisimizi aliyekamilika kwa kila kitu lakini amesimama kama sanamu, na ilikuwa juu yake kumwondoa pale alipo.

Hapa naomba mnivumilie, maana mambo ya studio hiyo aliyasimulia kila Jumapili mezani kwetu, na sikuwahi kuyachoka. Filamu inaonekana kama ilitengenezwa na mashine. Kumbe ilitengenezwa na watu waliokuwa wakifanya vituko siku nzima. Ili waelewe mwanga unavyopita katika jani, walimlaza mkuu wa wachoraji sakafuni chini ya mwavuli wa kijani, wakamulika kwa tochi kutoka juu, wakamwuliza anaona nini. Alisema anaona tochi. Sauti ya nyayo za sisimizi ilitafutwa muda mrefu; walijaribu mchele, wakajaribu mchanga, wakajaribu shanga, na sauti mliyoisikia kwenye filamu ni kucha za dada yangu zikitembea juu ya karatasi ya biskuti. Alizifuga kucha hizo mwaka mzima. Mama alidhani binti yake amepata mchumba tajiri.

Ofisini waliweka sanduku la kioo lenye sisimizi wa kweli, ili wafanyakazi wawatazame na kujifunza. Haukupita muda sisimizi wakatoroka, wakahamia jikoni kwenye sukari. Likabandikwa tangazo: kabla hujaua sisimizi, uliza kama ni mfanyakazi. Mama aliyesafisha ofisi aliliheshimu tangazo kwa namna yake. Alikuwa akisimama mlangoni na fagio na kuuliza kwa sauti, "Huyu aliye kwenye kikombe ni wa kazi au ni wa bure?" Wakimwambia wa bure, basi tena.

Na kulikuwa na chumba cha mashine. Kompyuta zile zilipokuwa zikitengeneza picha zilitoa joto jingi, kwa hiyo chumba kilipozwa kwa viyoyozi vikubwa, na watu waliingia wamevaa sweta. Kiyoyozi kikilegea, mashine zilichoka na picha zilitoka pungufu. Kuna asubuhi walikuta msafara mzima wa sisimizi hauna vichwa, unatembea vizuri sana. Dada alisema hiyo ndiyo siku pekee watu wote waliitazama kazi yake bila kuvurugwa na sura. Sababu ya viyoyozi hivyo ndiyo iliyomleta studio fundi mmoja mrefu, mpole, mwenye ngazi. Walimwita Fundi Baridi. Mnamwona hapa mbele, ni shemeji yangu.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini, nyinyi wa ukutani hasa. Sisimizi ana miguu sita, na haendi ovyo. Mguu wa kwanza na wa mwisho wa upande mmoja huinuka pamoja na wa katikati wa upande wa pili. Ukisema hivyo ni rahisi, ukichora ni mtihani. Dada akaamua kwamba lazima auhisi mwendo huo mwilini. Alichukua watu watatu, wakasimama koridoni kwa mstari, kila mmoja ameshika kiuno cha wa mbele yake: watu watatu, miguu sita, sisimizi mmoja. Wa mbele na wa nyuma wanaanza na kushoto, wa katikati anaanza na kulia. Mbele alikaa dada mwenyewe, kwa kuwa wa mbele ndiye kichwa. Nyuma alikaa mkaguzi wa miguu, bwana ambaye kazi yake ilikuwa kupitia kila picha na kunyoosha miguu iliyokosea. Wa katikati alikuwa kijana wa rangi. Siku walipoandaa kamera ya kurekodi mwendo huo, kijana wa rangi aliamka na homa.

Fundi Baridi alikuwa juu ya ngazi, kichwa kiko ndani ya dari.

Dada akamwita, "Fundi, shuka kidogo. Tunahitaji miguu."

"Yangu?"

"Miwili tu."

Akashuka. Akaelezwa. Akasema ameelewa, na katika hatua chache za majaribio ilionekana kweli ameelewa. Lakini mtu aliyemshika mwenzake kiuno mguu wake hutaka kufuata wa mbele, ndivyo tulivyoumbwa. Fundi akaanza kushoto badala ya kulia, akamkanyaga dada kisigino, akajikwaa, nusura wote watatu waanguke. Dada hakuachia mstari. Aligeuza kichwa tu, akamtazama. Kamera ilikuwa inarekodi. Nimeiona picha hiyo. Jicho lake linaanza kwa hasira, na kabla halijafika mwisho hasira imeshakwisha.

Walirudia wakapata mwendo safi, na mwendo huo safi ndio mliouona kwa maelfu ya sisimizi wa filamu ile. Lakini lile kosa dada hakulitupa. Alimpa sisimizi mmoja katika msafara wa mvua: mstari wa juu, karibu na jani lililotoboka. Sisimizi huyo alijikwaa kwa miguu yake ya katikati, akageuza kichwa kujitazama. Kisha dada akamwambia Fundi Baridi kwamba amemweka ndani ya filamu.

"Wapi?"

"Tafuta."

Shemeji yangu si msemaji, mnamjua. Siku hiyo alisema maneno yaliyomtosha mwaka mzima. "Nikijipata, nije kwenu?"

"Ukijipata, njoo na mshenga," dada akasema.

Filamu ilipokaribia kutoka, amri ikashuka kutoka juu kwamba dosari zote ziondolewe. Mkaguzi wa miguu akaupitia msafara, akaona miguu ya katikati ya sisimizi mmoja inajikwaa, akainyoosha. Hakujua ni ya nani. Alimweleza dada jambo hilo wakinywa chai, kwa furaha ya mtu aliyepata sindano kwenye nyasi. Kubadilisha tena haikuwezekana. Dada alikuja kinyozini kwangu, akakaa kwenye kiti cha wateja, akanitazama kwenye kioo.

"Nimemtuma mtu akatafute kitu ambacho hakipo," alisema.

"Si umwambie?"

"Nikimwambia ataacha kutafuta."

Hapo ndipo nilipojua kwamba dada yangu, ambaye kila aliyemposa alimkuta na jibu tayari, safari hii amenaswa. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Alimtaka mtu yule, na alikuwa ameiweka ndoa yake mikononi mwa miguu iliyofutwa. Filamu ikatoka Desemba 2000. Fundi akawa anakwenda sinema kila apatapo nafasi, anakaa safu ya mbele shingo imekunjamana. Mkata tiketi alimzoea hata akamwomba atazame na kiyoyozi cha ukumbi. Wiki zikapita. Akikutana na dada alisema tu, "Usiniambie," na dada, masikini, alikuwa hana la kumwambia. Alikonda. Mama akarudi kwenye ile nadharia ya mchumba tajiri, akasema huenda sasa amefilisika.

Jumamosi moja ya mwezi Machi, Fundi Baridi aliingia kwangu akaketi.

"Ninyoe vizuri," akasema. "Nakwenda posa."

Wembe ulinitoka mkononi. "Umejipata?"

"Mimi sijajiona hata kidogo. Nimemwona yeye. Kuna sisimizi anageuka. Ndivyo alivyonitazama."

Nilimwacha nusu ya kichwa, nikakimbia kumwita dada. Nusu ile nyingine niliimaliza kesho yake, maana dada alipofika hawakungoja. Walikwenda sinema hivyohivyo, mtu upande mmoja ana nywele, upande mwingine hana. Dada hakuwa ameitazama filamu tangu itoke, kwa huzuni. Msafara ulipofika kwenye bua na mvua ikaanza, fundi akanyoosha kidole. Na pale, juu, karibu na jani lililotoboka, sisimizi anatembea bila kosa lolote, miguu sita sawasawa, halafu anageuza kichwa na kutazama nyuma.

"Kumbe hawakufuta kichwa," dada akasema, akalia mbele ya watoto wa watu waliokuja kucheka.

Ndilo jibu, wapendwa. Mkaguzi wa miguu alikagua miguu. Vichwa vilikuwa na mkaguzi wake, naye hakuona kosa lolote katika kichwa kinachogeuka. Mmoja aliondoa sababu, mwingine akaacha matokeo. Tumesoma mengi mliyoyaandika: kwamba sisimizi yule ameitwa, kwamba ameona adui, kwamba amekumbuka kwao. Mmoja aliandika kwamba anatutazama sisi binadamu, na marehemu alilipenda sana hilo, alilisoma mara mbili. Lakini hakuwahi kujibu, kwa kuwa mkaguzi alimwomba asimuaibishe wakati angali kazini. Sasa amestaafu. Yuko hapa, safu ya tatu, mwenye kofia. Juzi tulimpigia simu kumwomba ruhusa, akasema, "Semeni tu. Nimechoka kuona watu wanapoteza usingizi kwa kosa langu." Ndiye aliyekwenda kuwa mshenga. Dada alisema ni haki yake, kwa kuwa tangu mwanzo alikuwa sisimizi huyohuyo, upande wa nyuma.

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 18 Agosti 2001. Walijaliwa watoto wawili, wa kike mwaka 2002 na wa kiume mwaka 2005. Nyumba yao ilikuwa na baridi kuliko zote mtaani, na wageni waliambiwa waje na sweta. Walipogombana, nao waligombana kama watu wote, dada aliondoka chumbani kwa hatua kubwa, na fundi alikaa akitazama mlango. Aliniambia siri yake: "Nangoja. Huwa anageuka." Na marehemu aligeuka kila mara, wakati mwingine kwa ajili ya kuongeza neno moja zaidi, lakini aligeuka.

Mwanzoni mwa mwaka 2019 marehemu aligundua ugonjwa wake kabla ya daktari yeyote. Alikuwa akipita mbele ya kioo cha duka, akasimama, akarudi, akapita tena. Jioni alituambia, "Mguu wangu wa kushoto unachelewa." Sisi hatukuona kitu. Vipimo vilipofanywa, ilionekana ni maradhi ya mishipa ya fahamu, yale yanayolegeza miguu kidogo kidogo, na hayana dawa ya kuyarudisha nyuma. Alilia siku aliyoambiwa, na sisi tulilia naye. Baadaye udadisi wake ukarudi. Alituita tuje kuona jinsi kidole gumba kinavyosahau kazi yake, akaeleza mguu unafanya nini badala yake, na alipopata fimbo akasema sasa ana mitatu, yuko nusu ya safari.

Katika korido ya hospitali fundi alitembea nyuma yake, amemshika kiuno. Alikuwa amejifunza. Miaka ile yote, mtu huyu aliyeshindwa kuanza na mguu wa kulia, sasa hakukosea hata hatua moja, kwa kuwa akikosea mkewe ataanguka. Dada alimlaumu. "Umejua lini kutembea wewe? Hebu kosea kidogo." Fundi alikataa. Miaka mitano alikataa, akahesabu kila unyayo, na sisi tuliokuwa karibu tuliona anavyozeeka kwa uangalifu huo. Nataka kusema mbele ya watu wote: shemeji, tuliona.

Marehemu alifariki Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, asubuhi, nyumbani kwake, dirisha likiwa wazi. Kitanda chake tulikuwa tumekisogeza karibu na dirisha ili aone njia. Maneno yake ya mwisho yaliyosikika vizuri alimwambia binti yake, juu ya mtu aliyekuwa akipita nje: "Mtazame huyo, ana viatu vipya."

Marehemu ameacha mama mzazi, mshonaji, aliyesikia habari hizi kabla yenu na akasema kumbe hakukuwa na tajiri. Ameacha mume, Fundi Baridi. Binti anayesomea uuguzi. Kijana anayemaliza shule. Mdogo wake kinyozi, ninayesoma. Mkaguzi wa miguu, ambaye familia imemhesabu. Na sisimizi mmoja, anayeonekana bado kila filamu ile inapowekwa.

Tukitoka hapa tutampeleka kwa miguu, si mbali. Jana usiku shemeji aliniuliza jambo moja, nami naomba kumjibu hadharani. Aliniuliza, "Nitatembea nyuma yake tu. Nikijikwaa je?" Shemeji, jikwae. Miaka mitano umetembea bila kosa, na leo hakuna wa kuanguka. Kanyaga unavyoweza. Yeye yuko mbele, alipokaa siku zote, na unamjua akisikia umekosea hatua hufanya nini.

Dada, pumzisha miguu. Mungu akulaze pema.